Mnara Hauwaoni Wote: Simu, Watu na Hesabu za Mwambao wa Nyasa

Barabara ya lami kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ina urefu wa kilomita 66, na sehemu kubwa ni mteremko. Mbinga iko juu, kwenye baridi ya milima ya Umatengo, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko mita 474. Mchuuzi wa dagaa anayeondoka Mbinga asubuhi na Noah, mtaji wake ukiwa kwenye laini ya simu, anashuka kutoka nchi ya kahawa na sweta hadi nchi ya mihogo na joto kabla jua halijawa kali. Kabla ya kupanda gari amempigia mvuvi kuuliza bei, na mnara wa Mbinga umeiandika simu hiyo. Njiani ametuma fedha za kutanguliza. Mnara mwingine umeandika. Amefika mwaloni, amemjulisha mwenzake wa sokoni kwamba mzigo upo, na mnara wa Mbamba Bay nao umeandika. Hajamweleza mtu yeyote alikopita, lakini safari yake imeshahifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni ya simu.

Safari ya mchuuzi mmoja haina uzito. Lakini kusanya kumbukumbu za wachuuzi wote, wakulima wa kahawa, wanafunzi wanaorudi bwenini, waombolezaji, na wagonjwa wanaopelekwa hospitali za Litembo au Peramiho; ondoa majina na namba zao; bakiza idadi tu ya laini zilizohama kutoka mnara huu kwenda ule. Utapata kitu ambacho sensa haiwezi kukupa, yaani watu wakiwa njiani. Sensa inamhesabu mtu alipolala. Sensa yetu ya mwisho iliuliza nani alilala wapi usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, na jibu lake litatumika mpaka sensa ijayo.

Sasa fikiria usiku ule ulivyokuwa huku. Agosti ni katikati ya msimu wa kahawa Mbinga: fedha zipo, vibarua wapo mashambani, magari yanapanda na kushuka. Na mwezi ulikuwa unaelekea kuisha, umebaki kipande kinachochomoza usiku wa manane. Kwa mvuvi wa usipa, dagaa wa Nyasa, hilo ni giza, na giza ndiyo kazi. Samaki hawa wanavuliwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu ya kuwavuta, mitumbwi inakaa nchi kavu na watu wanatawanyika kwenda kulima, kuuza, kuona familia. Giza likirudi nao wanarudi, na pamoja nao wachuuzi, mama lishe na vijana wa bodaboda. Idadi ya watu kwenye mwalo mmoja inapanda na kushuka kila mwezi kwa kufuata mwezi wa angani. Takwimu moja ya kila miaka 10 haiwezi kuubeba mwendo huo. Minara ya simu inaweza, walau kwa sehemu, na ndiyo maana nalitetea jambo hili kwa moyo wote hata pale ninapolitilia mashaka.

Afrika Mashariki si mgeni katika kazi hii. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza duniani ambako kumbukumbu za simu zilitumika kuuliza swali la afya. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Andrew Tatem walichapisha uchambuzi wa miezi mitatu ya mwisho wa 2008, wa wateja 770,369 wa kampuni ya Zantel. Visiwa vilikuwa vimeishusha malaria mno, na serikali ilitaka kujua kama ingeweza kuimaliza kabisa wakati boti za Dar es Salaam zinapakia na kushusha watu kila siku. Kumbukumbu zilionyesha kwamba Wazanzibari wengi waliosafiri walikwenda Dar es Salaam tu, kwa siku chache, mahali ambapo hatari ya kuambukizwa ni ndogo. Wachache walikwenda mbali zaidi bara, wakakaa, wakarudi. Hao wachache ndio waliobeba sehemu kubwa ya hatari. Kwa mpangaji wa afya hiyo ni tofauti kubwa: badala ya kumpima kila anayeshuka bandarini, unajua wa kumtafuta.

Miaka mitatu baadaye ikaja kazi ya Kenya, kubwa kuliko ile. Amy Wesolowski, Caroline Buckee, Abdisalan Noor, Robert Snow, Tatem huyohuyo na wenzao walichapisha mwaka 2012 katika jarida la Science utafiti uliofuata laini karibu milioni 15 kwa mwaka mzima, Juni 2008 hadi Juni 2009, kupitia minara karibu 12,000. Waliweka ramani ya safari juu ya ramani ya malaria. Ilionekana kwamba mwambao wa Ziwa Victoria ulikuwa chemchemi ya vimelea vilivyosambaa hadi Nairobi, na wabebaji wakuu hawakuwa wageni; walikuwa wakazi wa maeneo yenye malaria kidogo waliokwenda ziwani kutembea na kurudi nyumbani.

Msomaji wa Mbinga ameshaona ninakokwenda. Ziwa chini, lenye joto na mbu. Milima juu, yenye baridi na malaria kidogo. Kati yao watu wanaopanda na kushuka kwa sababu za kibiashara na za kifamilia. Mtoto wa Litembo aliyezaliwa kwenye baridi hana kinga ya mtoto wa Liuli, ziwani. Mama yake akishuka naye msibani Lituhi kwa wiki moja, ugonjwa unaweza kujitokeza wakiwa wamesharudi, kwenye zahanati ya mlimani ambako mganga amezoea kuwaza kichomi kwanza. Na barabara imelikaza jambo hili. Rais Samia Suluhu Hassan aliifungua rasmi lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay Septemba 2024, na katika ziara hiyohiyo aliweka jiwe la msingi la bandari mpya ya Mbamba Bay. Safari iliyokuwa ya kutwa nzima wakati wa masika sasa ni ya asubuhi moja. Watu watasafiri zaidi, na vimelea havina miguu yao wenyewe.

Hata hivyo, ukianza kuitazama kumbukumbu ya mnara kwa makini, unaona haihesabu watu. Inahesabu laini zinazotumika. Laini zilizosajiliwa Tanzania zilipita milioni 80 mwaka 2024, wakati sensa ya miaka miwili nyuma ilikuta watu 61,741,120, watoto wachanga wakiwemo. Mtu mmoja ana laini mbili au tatu, na huku mwambaoni si kwa ajili ya vifurushi tu. Mtandao huu unashika Mbamba Bay, ule unashika nyuma ya kilima, wa tatu ndio wa kutumia ukifika kwa wajomba. Anapochomoa laini moja na kuweka nyingine, kwenye kumbukumbu za kampuni ya kwanza ametoweka. Kwenye kumbukumbu za ya pili amechomoza kama aliyeanguka kutoka mbinguni. Mchambuzi aliyeko Dar es Salaam anaweza kusema kijiji kimepokea wageni, kumbe ni watu walewale wamebadilisha laini.

Kisha wapo ambao hawaonekani kabisa. Simu isiyopiga, isiyotuma ujumbe wala fedha haiachi alama katika kumbukumbu za malipo, ambazo ndizo watafiti wengi wanazopewa. Mwenye kitochi anayeongeza vocha mara moja kwa wiki ni nukta moja kwa wiki. Familia yenye simu moja inahesabiwa kwa nyayo za baba. Mama akienda kliniki Liuli na simu imebaki nyumbani, safari hiyo haikuwepo. Na mtoto mgongoni hana laini. Hapa ndipo ninapoumia, kwa sababu malaria inaua zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Tunafuata ugonjwa wa watoto kwa kutumia simu za watu wazima, hasa wanaume, hasa wenye kipato.

Niwatendee haki watafiti: walilijua hili na walilipima. Wesolowski na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba wenye simu Kenya walikuwa zaidi wanaume, wasomi na wa mjini, na mwaka uliofuata wakachapisha uchunguzi kwamba, pamoja na upungufu huo, makadirio ya jumla ya safari za nchi nzima hayayumbi sana. Matokeo hayo nayakubali. Ila nchi nzima ni kitu kimoja na mwalo wa Mbaha ni kitu kingine. Ukichanganya mamilioni ya laini, makosa ya huku yanafidiwa na ya kule. Ukishuka hadi kijiji chenye mnara mmoja hakuna wa kufidia. Na maamuzi ya afya na usafiri yanayomgusa mtu hufanyika hukohuko chini: zahanati ipi ipelekewe dawa, boti ipi izuiwe isiondoke.

Nimetaja boti kwa makusudi. Nchi yetu imelipa bei kubwa kwa orodha zisizo na watu wote. Meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, orodha ya abiria ilikuwa na majina 443 ya daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Meli ilikuwa na uwezo wa watu 430, na waliokufa walizidi 800. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, kikiwa kimeruhusiwa kubeba watu 101. Walikufa zaidi ya 220, na aliyekuwa akikata tiketi alizama pamoja na mashine yake, hivyo hata hesabu ya waliopanda ikabidi itafutwe kwa waliookoka na kwa waliopoteza ndugu. Kwenye MV Bukoba waliokosekana kwenye maandishi ni wale wa nauli ndogo. Mfumo mpya wa kuhesabu unaomruka mwenye kitochi utakuwa umelirudia kosa la daraja la tatu kwa vifaa vya kisasa.

Ziwa Nyasa nalo lina meli yake ya abiria. MV Mbeya II, iliyozinduliwa mwaka 2021, ina uwezo wa watu 200 na tani 200 za mizigo, na safari zake zinaunganisha Kyela na Mbamba Bay kupitia vituo vya mwambaoni. Pembeni yake wapo wenye boti za injini za nje na mitumbwi inayovusha watu kutoka kijiji hadi kijiji, na huo ndio usafiri wa kila siku. Je, kipo kifaa kinachoweza kuhesabu watu gatini bila kutegemea tiketi?

Vipo vya aina mbili, na tofauti yao ndiyo ningependa maofisa wa bandari waielewe kabla mfanyabiashara yeyote hajawagongea mlango. Aina ya kwanza inanasa sauti za simu zenyewe. Simu janja iliyoachwa na waifai wazi inaita kila baada ya muda mfupi, ikitafuta mtandao inaoufahamu, na katika mwito huo inataja namba ya utambulisho ya kifaa. Ukiweka kinasa mlangoni na kingine mwisho wa gati, utajua vifaa vingapi vimepita na vimechukua muda gani. Mamlaka ya usafiri ya London ilifanya hivyo mwishoni mwa 2016 katika stesheni 54 za treni za chini ya ardhi kwa wiki nne, ikakusanya kumbukumbu milioni 509 kutoka vifaa milioni 5.6, na ikajua abiria wanapita njia zipi ambazo tiketi hazionyeshi. Jiji hilohilo, miaka mitatu kabla, lilikuwa limeamuru kampuni moja ya matangazo iache kunasa simu za wapita njia kwa vifaa vilivyofichwa kwenye mapipa ya taka. Kazi ni ileile na mawimbi ni yaleyale. Tofauti ni nani amearifiwa.

Kwa gati la Mbamba Bay aina hii ina kasoro mbili. Kitochi cha kawaida hakina waifai, hivyo hakiiti. Na simu janja zenyewe zimejifunza kujificha: Apple ilianza mwaka 2014 kuzifanya simu zake zitaje namba za kubuni zinapotafuta mtandao, na tangu mwaka 2019 simu za Android nazo zinabadili namba kama jambo la kawaida. Kinasa kinaweza kuihesabu simu moja kama nne na kutomwona kabisa bibi mwenye kapu la mihogo.

Aina ya pili haiulizi kama una simu. Mwili wa binadamu una maji mengi, na maji yananyonya mawimbi ya waifai. Weka kirushi upande mmoja wa njia na kipokezi upande wa pili. Kila mtu anayekatiza anayadhoofisha mawimbi kwa namna inayopimika. Maabara ya Yasamin Mostofi katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ilionyesha mwaka 2015 kwamba kwa kupima nguvu ya mawimbi peke yake unaweza kukadiria idadi ya watu wanaotembea eneo moja, hadi watu tisa. Tisa si mia mbili. Lakini daraja la kupandia meli ni jembamba, watu wanapita mmoja mmoja au wawili wawili, na kifaa hakijui jina, namba wala mtandao wa mtu. Kinamhesabu mwenye simu tatu mara moja na asiye na simu mara moja, na mtoto mgongoni bado atahitaji jicho la karani. Kwa maoni yangu fedha za majaribio, zikipatikana, zianzie hapo, na karani mwenye daftari asimame pembeni kwa muda wa kutosha kulinganisha hesabu mbili, wakati wa giza na wakati wa mbalamwezi, wakati wa kahawa na nje ya kahawa.

Kuhusu faragha, wengi hutulizwa na maneno kwamba majina yameondolewa. Utafiti wa Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013, ulichukua kumbukumbu za watu milioni 1.5 za miezi 15 na kuonyesha kwamba nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao. Hiyo ilikuwa nchi yenye miji na minara mingi. Kwenye njia ya Mbinga hadi Lituhi, ambako kila mtu anajua nani hununua samaki wapi na siku gani, nukta zitakazohitajika zinaweza kuwa chache zaidi. Na tangu Januari 2020 kila laini ya Tanzania imefungwa kwa alama ya kidole. Anayemtambua mwenye nukta hahitaji kwenda mbali kupata jina.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Aprili 2024. Inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi lililotajwa na zisitumike kwa jingine. Ninachokitaka kwa mwambao huu kiko ndani ya roho ya sheria hiyo: kampuni itoe jumla kwa kata na kwa wiki, si safari za laini mojamoja, idadi ndogo mno, inayoweza kumfichua mtu, isitolewe kabisa, na takwimu zirudi hadi ofisi ya mganga mkuu wa wilaya na vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mialo. Watu wa huku wametoa samaki, kahawa na makaa ya mawe yaliyokwenda kuongezewa thamani kwingine. Nyendo zao zisiwe bidhaa nyingine ya namna hiyo.

Limebaki ziwa lenyewe. Katika mfumo wa GSM, ambao vitochi vingi vinautumia, mnara wa kawaida haumhudumii aliye mbali zaidi ya kilomita 35, hata kama hakuna kilima katikati, kwa sababu ujumbe wa simu unachelewa kufika na kukosa nafasi yake. Upana wa Nyasa hufikia kilomita 75. Kuna maji ambako mvuvi hayumo kwenye kumbukumbu ya mtu yeyote. Ila wengi wa wavuvi wa taa hawaendi mbali hivyo. Wanabaki ndani ya upeo wa mnara, na hapo mawimbi ya simu yanaweza kufanya kazi kwa mwelekeo wa pili, kutoka mnarani kwenda kwa mvuvi. Mfumo huohuo wa GSM una njia ya kutangaza ujumbe kwa kila simu iliyo chini ya mnara fulani kwa wakati mmoja, kitochi au simu janja, bila kujua namba ya yeyote na bila kuandika nani ameupokea. Mamlaka ya Hali ya Hewa tayari inatoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa Ziwa Nyasa. Ukurasa mmoja wa tangazo la mnara unabeba herufi 93, na onyo kwamba upepo wa mwera utaanza kuvuma saa nne usiku kati ya Liuli na Mbamba Bay linaenea humo bila kubanwa.